Mume wangu Mmarekani anasema majirani Wajerumani wanatuchukia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 41. Nilikwenda Marekani nikiwa na miaka 26, nikasomea uuguzi, nikafanya kazi Minneapolis, na huko ndiko nilikoolewa. Mume wangu ni Mmarekani, mtoto wa mkulima wa Iowa. Tumejaliwa watoto wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 7. Miezi 15 iliyopita mume wangu, ambaye ni mhandisi, alipata kazi Ujerumani, katika mji mdogo karibu na Stuttgart. Tukahama sote.

Mume wangu ni mtu wa watu. Minneapolis alikuwa hawezi kusimama kwenye foleni ya duka dakika tano bila kujua aliyetangulia anatoka wapi na mbwa wake anaitwa nani. Hapa alianza hivyohivyo, na watu wakamtazama kama mtu anayetaka kuwauzia kitu. Siku hizi anarudi nyumbani kimya. Nimekaa naye miaka 14 na sijawahi kumwona hivi.

Tunakaa kwenye jengo la familia sita. Chini yetu yupo mama mmoja mjane, miaka sabini na kitu. Wiki ya kwanza alitupokelea mzigo wa posta tukiwa kazini. Mume wangu alipokwenda kuuchukua alimshukuru sana, akamwambia, "Lazima uje kwetu siku moja, ule nasi chakula cha jioni!" Yule mama akajibu kwamba atafurahi. Nikaona tumepata jirani mwema. Lakini kadiri siku zilivyokwenda alizidi kuwa baridi, na sasa ni "Guten Tag" tu, salamu yao ya mchana, basi.

Jumapili moja mume wangu alikuwa anatoboa ukuta ili aweke rafu ya vitabu. Mara mlango ukagongwa, ni yeye. Akasema, "Leo ni Jumapili," akashuka zake. Jumapili nyingine mume wangu alipeleka chupa tupu kwenye pipa la vioo mtaani, akakemewa na mtu asiyemjua kabisa. Halafu kuna hili la kufagia. Katika sehemu hii ya Ujerumani wapangaji hufagia ngazi kwa zamu za wiki, na zamu ikikufikia kibao kinatundikwa mlangoni kwako. Kibao kilipokuja kwetu mimi nilikuwa na zamu za usiku hospitali, mume wangu hakujua ni cha nini, na ngazi hazikufagiwa. Tukakuta karatasi imeandikwa kwa mkono, herufi nzuri, inatukumbusha wajibu wetu, na chini yake jina la ukoo la yule mama. Mume wangu aliishika ile karatasi akitetemeka. "Mtu anakaa ngazi kumi na mbili chini yangu, ananiandikia barua?"

Akasikia kwamba siku ya kuzaliwa ya yule mama ni Jumamosi. Alhamisi akakutana naye mlangoni akamtakia heri kwa moyo wote. Yule mama akabadilika uso, akasema "Bado," akaingia ndani.

Kazini ni hayohayo. Kwenye mkutano mwenzake alimwambia mbele ya watu wote, "Hesabu hii ina kosa," na hakuna aliyelainisha neno. Mkuu wake hajamsifu hata siku moja. Shuleni nako mwalimu ametuita kuuliza kwa nini tunampeleka mtoto kwa gari hadi getini kila siku, wakati ni mwendo wa dakika kumi na wenzake wanatembea wenyewe. Mume wangu aliniuliza kama watu hawa wana akili timamu. Ya maji ya mgahawani kulipiwa nayaacha, hayo tulishayazoea.

Sasa mkuu wake amempa mkataba mpya wa miaka mitatu, na anatakiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Anasema hatasaini, hawezi kuishi mahali anapochukiwa. Binti yetu amepata rafiki wa kufa na kuzikana, aliposikia habari hiyo alilia. Mimi cheti changu cha uuguzi kimekubaliwa baada ya kuhangaika mwaka mzima.

Na kuna jambo linanitesa, Shangazi. Mara nyingi naona yule mama ana haki. Kibao kikija nafagia mimi, usiku, kimya, ili yaishe. Lakini sijathubutu kumwambia mume wangu, nisije nikaonekana nimemgeuka. Nifanye nini?

Mama Wawili, Ujerumani

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako jana usiku, nikailalia, nikaisoma tena asubuhi. Mara ya pili ndipo niliposimama kwenye sentensi uliyoipita haraka: "Lazima uje kwetu siku moja." Nikajiuliza, je, alikwenda? Hukuandika kwamba alikwenda. Hukuandika hata kwamba mlimpangia siku.

Mimi nimesoma Ohio miaka minne, kisha nimeishi Hamburg miaka kumi na tisa, kwa hiyo nimekuwa mgeni wa pande zote mbili. Kule Ohio maneno hayo niliambiwa mara nyingi, na mwanzoni nilikaa nikisubiri. Baadaye nikaelewa kwamba ni aina ya salamu. Mtu anakwambia: nimekupenda, nakutakia mema, mlango wangu haukuchukii. Msemaji na msikilizaji wote wanajua hakuna siku iliyotajwa. Nilipofika Hamburg nikiwa na tabia hiyohiyo, nilimwambia mwenzangu kazini, "Tuje tunywe kahawa siku moja." Akafungua begi, akatoa daftari lake la miadi, akauliza, "Alhamisi ijayo, saa kumi?" Niliduwaa. Yeye alikuwa amesikia ahadi.

Sasa mfikirie yule mama. Mjane, peke yake, umri huo. Familia ya vijana imehamia juu yake, amewapokelea mzigo, mwanamume mchangamfu amemwambia lazima aje kula. Amejibu kwamba atafurahi, na kwa watu wa kwao mtu hasemi atafurahi kama hatafurahi. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kila siku anasikia nyayo zenu juu ya dari, na siku haitajwi. Ningekuwa mimi ningehisi nimedanganywa, au kwamba nimedharauliwa. Mume wako naye hakumdanganya, alisema neno zuri la kwao kwa moyo safi. Ndiyo maana nakwambia, katika nyumba yenu nimeona watu wawili walioumizana na sijaona chuki hata chembe.

Jambo hili si geni. Mwanasaikolojia Kurt Lewin, Myahudi wa Ujerumani aliyehamia Marekani mwaka 1933 baada ya Hitler kushika madaraka, aliliandikia makala mwaka 1936. Alisema nafsi ya mtu ina matabaka, na kwamba Mmarekani huyaacha wazi matabaka mengi ya nje, mtu yeyote aingie, lakini kile kiini cha ndani kabisa hukifunga. Mjerumani hufunga mapema, karibu na uso. Ukishaupita mlango huo, hukutani na kuta nyingine nyingi. Sisi watu wa Tanga tungesema mmoja ni embe na mwingine ni nazi. Embe unalimenya kwa kucha na utamu unaupata papo hapo, ila katikati kuna kokwa. Nazi inataka kufuliwa na kuvunjwa kwanza. Mume wako amekwenda kwa watu wa nazi na kucha zake tupu, na vidole vinamuuma. Maumivu hayo ni ya kweli, usimwambie anajidekeza.

Mweleze kwa lugha yetu, wewe unayeijua. Mtu akikuuliza "Habari za nyumbani?" unajibu "Nzuri" hata kama mtoto ana homa, ndipo baadaye unaongeza "ila mdogo anaumwa kidogo." Hatusemi uongo, tunafungua mlango kwanza. "How are you" ya Minneapolis ni ndugu wa "habari" yetu. Mjerumani akiulizwa swali hilo hudhani ameulizwa kweli, na jibu lake huanza na goti linalomsumbua. Ndiyo sababu tabasamu kwa mtu usiyemjua linamtia wasiwasi, anatafuta sababu yake haioni. Kampuni ya Walmart iliingia Ujerumani mwaka 1997 na desturi zake za Kimarekani, wafanyakazi watabasamu, wateja wakaribishwe mlangoni, na wateja wengi wakaona wanasumbuliwa. Mwaka 2006 iliuza maduka yake 85 ikaondoka. Bei za washindani na mambo ya wafanyakazi yalichangia pia, lakini yale matabasamu watu wanayakumbuka hadi leo.

Lakini nisimwache mume wako akaamini kwamba yeye ndiye mwenye salamu na wao hawana. Muulize hili. Anapoingia chumba cha kusubiri kwa daktari, anasema chochote? Mmarekani huingia, akatafuta kiti, akatoa simu. Mjerumani akiingia husema "Guten Tag" kwa chumba kizima, wazee na watoto, na wote humjibu, na akitoka anawaaga. Mimi nililia machozi siku ya kwanza kuliona hilo Hamburg, kwa sababu lilinikumbusha mtu anavyopiga hodi kwetu kabla hajaingia uani. Kazini watu wa Stuttgart wakipishana ukumbini saa za mchana hawapitani kama miti, husalimiana. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba, wakati mume wako anawaona wamenuna, wapo wanaomwona yeye ndiye asiye na adabu, anayecheka na mtu dukani lakini anaingia kwa daktari bila kusalimu. Akianza na salamu hiyo moja, chumbani, kwenye lifti, dukani akiingia na akitoka, ataona nyuso zikigeuka.

Jumapili ni jambo kubwa kwao kuliko mnavyodhani. Mapumziko ya Jumapili yamo ndani ya katiba yao ya mwaka 1949, yalichukuliwa neno kwa neno kutoka katiba ya mwaka 1919. Maduka yamefungwa, drili imezimwa, hata chupa hazitupwi kwa sababu ya ule mlio wa vioo. Mtu wa Minneapolis aliyefanya kazi wiki nzima Jumapili ndiyo siku yake ya kukata majani na kupiga misumari, kwa hiyo namwelewa. Ila yule mama aliposema "Leo ni Jumapili" hakumtukana. Alimpa taarifa, na alimpa yeye mwenyewe, usoni. Angeweza kumpigia simu mwenye nyumba.

Na ile karatasi, mwanangu. Mume wako aliona baridi. Mimi naona mtu aliyetafuta karatasi nzuri, akaandika kwa mkono wake, akatia jina lake asijifiche, akaiweka mlangoni kwenu ili majirani wengine wasisikie. Kwa mwanamke wa umri wake na wa sehemu zile, hiyo ni heshima. Kuhusu siku ya kuzaliwa, kwao kumtakia mtu heri kabla ya siku yenyewe ni kumwitia mkosi, na hata asiyeamini hapendi kusikia. Kwetu mtu akimsifu mtoto mchanga bila kusema mashaallah, mama yake si hushtuka? Ni mshtuko wa namna hiyo.

Kuhusu mkuu wake wa kazi, watu wa kule wana msemo wao wa kienyeji, "Net gschimpft isch gnug globt," yaani asiyekaripiwa amesifiwa vya kutosha. Mimi siupendi. Naamini mtu anahitaji kusikia neno jema kwa masikio yake, na mume wako ana haki ya kuhisi upungufu huo. Anaweza hata kumwomba mkuu wake waziwazi amweleze anachokifanya vizuri, hapo hapatakuwa na aibu. Lakini autazame ule mkataba. Mtu asiyemsifu kwa miezi 15 amemletea miaka mitatu. Huyo amesema kwa njia anayoijua. Na aliyesema hesabu ina kosa alikuwa anazungumzia hesabu. Mara nyingi hao hutoka mkutanoni wakaenda kula pamoja, na anayeumia ni mgeni peke yake.

Hili la mtoto nalitenga na mengine, kwa sababu hapa mume wako haogopi upuuzi. Ametoka mahali ambapo mzazi huweza kuingia matatani. Mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alimwacha mtoto wake kwenye kigari nje ya mgahawa New York, akiwa anamwona dirishani, kama wanavyofanya Copenhagen kila siku. Alikamatwa na polisi na mtoto akachukuliwa kwa siku kadhaa. Mwaka 2015 huko Maryland wazazi walichunguzwa na ofisi ya ustawi wa watoto kwa kuwaacha watoto wao wa miaka 10 na 6 watembee wenyewe kutoka bustanini. Baba aliyelelewa na habari za namna hiyo akiambiwa "mwache atembee," mwili wake wote unakataa. Mwalimu naye haoni hofu hiyo, kwa sababu kwao mtoto hufundishwa barabara tangu mdogo, polisi huja darasani, na darasa la nne hufanya mtihani wa kuendesha baiskeli. Mwambie mume wako aende kwa mwalimu amweleze wazi anachoogopa, ataeleweka. Kisha atembee na mtoto wiki nzima kwa miguu. Wiki ya pili amfuate kwa mbali. Wenzake wanaopita njia hiyo mwalimu atawajua, waombeni wampitie. Ikiwa bado moyo haujatulia baada ya mwezi, basi mpelekeni kwa miguu hadi getini, hakuna sheria inayowazuia.

Sasa wewe. Sitakuficha. Katika nyumba hiyo ni wewe peke yako unayesikia lugha zote mbili. Umelelewa mahali ambapo jirani mkubwa huingia akakwambia uani kwako kuchafu, na unamjibu "ndiyo, bibi" ukachukua ufagio. Ulimwelewa yule mama tangu siku ya kwanza, ukanyamaza, ukawa unafagia usiku. Najua ulitaka amani. Lakini kwa kunyamaza umemwacha mume wako akipigana peke yake na watu ambao wewe ungemfasiria. Kumwambia ukweli si kumgeuka. Mkae wawili, watoto wakishalala, umwambie unachoona, na uanze na lile la mwaliko. Mume mwema kama unavyomweleza, akisikia kwamba mjane amengoja chakula chake zaidi ya mwaka, hatakasirika na wewe. Nadhani atainuka hapohapo atake kushuka kugonga mlango. Mzuie, ni usiku.

Kuhusu kusaini au kutosaini, muda mnao, msiamue leo. Kama baada ya mambo haya bado ana upweke, upweke huo ni sababu halali ya kurudi Minneapolis, nami sitasema binti yenu anatangulia kuliko yeye. Ila asirudi kwa kuamini kwamba alichukiwa, kama hakuchukiwa. Na asije akaondoka na neno "Wazungu wa Ulaya wako hivi." Ulaya si kijiji kimoja. Angehamia Napoli kule Italia, jirani wa chini angekuwa jikoni kwenu wiki ya kwanza, akikuonyesha unavyokosea kupika.

Fanyeni hivi. Jumapili, si chakula cha jioni, ni kahawa na keki, ndiyo saa yao ya kutembeleana. Mume wako ndiye aende kumwalika, kwa kuwa ndiye aliyeahidi. Aseme, "Mwaka jana nilikwambia uje, sikukupangia siku, naomba radhi." Asiongeze utani, asizunguke. Kisha atoe karatasi yenye siku na saa, imeandikwa kwa mkono, na chini yake jina la ukoo. Wewe pika vitumbua na mkate wa kumimina, keki ataileta yeye au ataleta maua. Saa iandikwe 15:30, usiwe na kawaida yetu ya kuandika saa tisa na nusu akaja akakuta mmelala. Meza iwe tayari kabla ya saa hiyo, na mume wako awe amesimama karibu na mlango, maana akikubali kuja atagonga dakika ileile.